Maneti Iliyofungwa kwa Chumvi

Wiki ile tuliyomzika mama, mimi na mdogo wangu Zawadi tulifungua sanduku lake la bati ili tugawane vitenge. Juu vilikaa vile vya kanisani, chini yake vile alivyotunza tu bila kuvivaa, na harufu ya naftalini ikatupanda puani mpaka Zawadi akapiga chafya. Chini kabisa, kwenye pembe, palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe chenye maua madogo ya buluu, kimefungwa kwa kamba ya nailoni. Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Chumvi ikanimwagikia mapajani, na katikati ya chumvi kulikuwa na maneti.

Kwa asiyejua, maneti ni kile kidude cha plastiki chenye vibonye ambacho mtu anakishika kwa mikono miwili akicheza mchezo wa televisheni. Hii ilikuwa ya kijivu, waya wake umezungushwa vizuri, na kibonye kimoja, kile cha kurukia, kilikuwa kimelika mpaka alama yake imefutika. Niliinusa. Chini ya naftalini bado ilikuwa na harufu ya petroli na plastiki ya moto, harufu ya chumba chetu cha mbele. Zawadi, ambaye enzi hizo alikuwa bado anabebwa mgongoni, akaniuliza mbona nalia. Sikuwa nalia hata kidogo. Nilikuwa nimekasirika, na hata sasa ninapoyaandika haya hasira haijaniisha.

Nyumba yetu iko Kasongo, kwenye barabara inayotoka sokoni kwenda upande wa Lusangi. Ni ya matofali ya kuchoma, na jiko liko nje. Baba alilima mpunga, mama aliuza mawese. Mwaka mmoja mpunga haukutoa kitu, baba akakubali shingo upande kumpangisha mgeni chumba cha mbele. Mgeni huyo aliitwa Safari. Alitoka Kivu, na alikuwa PDG wa shimo la dhahabu kule Salamabila. PDG ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo, yule anayewalisha wenzake na kubeba fungu kubwa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya upole, na alivaa koti la ngozi hata jua likiwa utosini. Alikuja Kasongo kununua chakula cha timu yake na kutafuta vijana wenye nguvu, na ili asikae bure alileta juu ya pikipiki televisheni, jenereta ndogo na mashine moja ya michezo. Akapanga mabenchi, na chumba chetu kikawa ukumbi.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye umeme mtacheka, lakini kwetu ilikuwa kama serikali imehamia nyumbani. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Nitauelezea kwa haki, maana kuuchukia hakunizuii kusema kwamba ulikuwa mzuri. Unaanzia mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu. Kijana mwembamba mwenye kitambaa chekundu shingoni anatoka, anafunga mlango, anashuka bondeni. Kuanzia hapo ni kukimbia, kuruka makorongo, kuning'inia kwenye kingo za mawe, kupanda kwa mizizi, kupigana na watu waliovaa vinyago, na kuokota vipande vya dhahabu njia nzima mpaka afike mapangoni. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ya mbali ambayo hakuna aliyeisoma. Vijana wakampa jina lao, wakamwita Muchimbaji.

Uzuri wake wa kwanza ulikuwa uzito. Muchimbaji hakuruka kama mpira. Alichuchumaa kidogo, akajitupa, na akitua magoti yalikunjika na vumbi likatimka, ungeapa umesikia pumzi yake. Uzuri wa pili ni kwamba mchezo ulifundisha bila kusema neno. Jiwe bovu lilitetemeka kidogo kabla hujalikanyaga. Maji yalibadilika rangi pale palipokuwa na mnyama chini. Mwenye macho alionywa. Na ile sauti ya mapangoni, tone la maji linaloanguka mahali usipopaona, ilikuwa imetengenezwa na mtu aliyewahi kukaa gizani na kusikiliza. Mpaka leo nikisikia tone kwenye pipa nyuma ya nyumba nageuza shingo.

Kasoro nazo zilikuwapo, tena kubwa, ila enzi hizo hatukujua kwamba mchezo unaweza kukosea. Lile jicho linalomfuata Muchimbaji liligeuka lenyewe wakati mbaya kabisa, yeye akiwa hewani, ukabaki unatazama ukuta. Alikataa kushika ukingo kama hukusimama sawasawa. Mapigano yalijirudia mpaka yakachosha, vinyago vile vile, mbinu ile ile. Na mashine ya Safari haikuwa na kile kikadi cha kutunza mahali ulipofika. Petroli ikiisha, au roho zako zikiisha, ulirudishwa mwanzo kabisa, kwenye mlango wa buluu. Wanaume wazima, wenye mikono ya kuvunja mwamba, walikaa kwenye benchi wakianza upya siku baada ya siku, na hakuna aliyenung'unika.

Mbaya zaidi lilikuwa Pango Kubwa. Hapo unavuka giza kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, na ng'ambo unauona mlango unaong'aa dhahabu. Jiwe la mwisho kabla ya mlango ule lilionekana zima, halitetemeki, halina ufa. Kila aliyelirukia alipita katikati yake kama anapita kwenye moshi, akaanguka. Hakuna aliyewahi kuvuka. Sasa sikilizeni watu wetu walivyo. Kila aliyeanguka alitafutiwa kosa lake. Huyu alilala na mke wake jana. Yule alipishana na mjane njiani. Mwingine alikula akiwa amesimama. Walihojiana pale kwa makini mahakama haioni ndani, na anayehojiwa mwishowe alikumbuka kosa fulani, akakiri. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mchezo ndio mbovu.

Sababu yake ni kwamba Safari alikuwa amehamishia sheria za shimo lake kwenye televisheni. Kwake, mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Akisogea dhahabu inakimbia, inazama chini zaidi, na ardhi inakasirika. Kwa kuwa mchezo ulikuwa wa dhahabu na mapango, akasema sheria ni hiyo hiyo. Mwanamke haingii chumba cha mbele, na maneti haishiki kabisa. Mama yangu, kwenye nyumba yake mwenyewe, alifagia mpaka kizingitini akaishia hapo, ufagio ukiwa mkononi, akasubiri kijana wa kiume atoke amalizie. Baba aliona na akanyamaza, kwa sababu kodi ya Safari ndiyo iliyokuwa inatulisha. Mimi sikuwa nimeota hata meno yote ya utu uzima, lakini nilihesabiwa kuwa mwanamke tayari.

Nilikuwa na tundu langu. Upande wa jiko, kati ya matofali mawili, udongo ulikuwa umedondoka, na mtu akikaa kwenye kinu kilichopinduliwa jicho linafika moja kwa moja kwenye televisheni. Nilitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nilipepeta mchele, nilimbembeleza Zawadi, na kila nilipopata nafasi jicho lilirudi pale. Ndivyo nilivyoujua mchezo ule kuliko wote waliokuwa ndani. Wao walikuwa wanacheza, mimi nilikuwa naona. Niliamini Muchimbaji ni mtu kweli, na kwamba mahali pale ni Kabambare, upande ambao sijafika, na mtu alimfuata na kamera. Nilimhurumia kwa sababu hakuna aliyempikia.

Kaka yangu mkubwa Kalume, niliyemwita yaya kwa heshima ya ukubwa wake, alikuwa hodari kuliko wote kwenye benchi. Alikuwa mrefu, mwembamba wa kiuno, mwenye vidole vya haraka, na kicheko kilichomtoka puani. Baba alitaka amalize shule awe mwalimu. Yeye alitaka Salamabila. Sasa Safari na vijana wake walikuwa na mtindo wao. Kabla ya kupanda pikipiki kurudi shimoni walicheza kwanza, wote kwa zamu, na yule aliyefika mbali zaidi ndiye aliyetangulia kushuka wakifika. Walisema mchezo unaonyesha ni nani ambaye njia iko wazi mbele yake. Kalume alifika mbali kuliko vijana wa Safari wenyewe, naye Safari akawa anamtazama kwa jicho la mtu anayechagua mbuzi sokoni. Nilipokuwa mkubwa niliambiwa na mchimbaji mmoja kwamba shimo la Safari lilikuwa limefika mahali pembamba na alihitaji mtu mwenye kiuno kama cha kaka yangu. Wakati ule sisi tuliona ni heshima.

Nilikuwa namsaidia Kalume kwa siri. Jioni tukila nilimwambia jiwe gani lilitetemeka bila yeye kuona, kinyago gani kinainua mkono wa kushoto kabla ya kupiga. Kesho yake alifanya nilivyosema na wenzake wakabaki mdomo wazi. Siku moja Safari na watu wake walikwenda sokoni kununua mchele, samaki wakavu na kamba, wakamwachia Kalume alinde jenereta. Mama alikuwa kwenye mawese yake. Kalume akatokea mlango wa jiko.

“Kuja,” akaniambia. “We ndiye unaonaka mawe.”

Nilimwambia naogopa, nitafukuza dhahabu. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

“Dhahabu ya televisheni, itakimbilia wapi?”

Nikaingia. Mpaka leo nakumbuka sakafu ya chumba kile ilivyokuwa ya baridi chini ya nyayo zangu, kwenye nyumba niliyozaliwa. Akaniwekea maneti mikononi. Ilikuwa ya moto kutoka mikono yake, na nzito kuliko nilivyodhani. Mara ya kwanza Muchimbaji aligonga ukuta, mara ya pili akatumbukia, na mara ya tatu akaruka. Niliruka mimi. Sijui niseme vipi kwa asiyewahi kukaa miezi nyuma ya tundu. Makorongo niliyoyajua kwa jicho yalinijia vidoleni yenyewe, nikapita kwenye mizizi, nikapita kwa wenye vinyago, na Kalume pembeni yangu alikuwa anapiga magoti yake kwa viganja akisema twende, twende. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa kitu kingine chochote, na hilo nalo linaniuma.

Nikaingia Pango Kubwa. Nikavuka mawe yote, moja baada ya jingine, nikafika mbele ya lile la mwisho. Nililitazama sana, halikutetemeka. Nikaruka, nikapita katikati yake, nikaanguka, na nilipoinua macho kutoka kwenye televisheni Safari alikuwa amesimama mlangoni na gunia begani.

Hakupiga kelele. Alitua gunia, akatoa leso mfukoni, akaichukua maneti mikononi mwangu kwa leso ile bila kuigusa kwa vidole vyake. Akamwambia Kalume, kwa ile sauti yake ya upole, “Mumeua shimo langu.” Halafu akawaita vijana wake, wakawasha majani uani, wakaipitisha maneti kwenye moshi mbele ya macho yangu. Kalume alicheka wazi wazi. Alimwambia Safari kwamba mtoto ni mtoto, na kwamba alianguka palepale walipoangukia wote. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilisikia maneno yake na sikuyashika, kwa sababu nilikuwa natazama mikono yangu.

Siku chache baadaye waliondoka. Kalume alikwenda nao, baba alimnunia na hakutoka nje kumuaga. Alipanda pikipiki ya mwisho, amebanwa kati ya magunia, akaniita kwa mkono. Akanisogelea sikioni akasema, “Nikirudi utacheza mpaka vidole viume.” Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Habari ilikuja na dereva wa pikipiki aliyekuwa amelowa tope mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa masika. Shimo lilikuwa limejifunga kwa juu, Kalume akiwa chini kwenye ule wembamba. Walichimba, maji yakajaa, wakaacha. Hatukuletewa maiti. Kaka yangu bado yuko kule, na sisi tulikaa matanga mbele ya picha yake ya shule. Miaka ikapita ndipo yule mchimbaji aliponieleza kwamba miti ya kuzuia udongo ilikuwa michache, kwamba watu walimwambia Safari asishushe mtu mvua ikinyesha namna ile, na kwamba yeye aliwajibu wasimletee maneno ya wanawake. Lakini siku za matanga hilo halikusemwa. Kilichosemwa ni kingine.

Safari alikuja kutoa pole na koti lake la ngozi. Watu walipoanza kumuuliza ilikuwaje, mjomba mmoja akiuliza hasa habari za miti, aligeuza kichwa taratibu, akaninyooshea kidole nilipokuwa nimekaa na Zawadi.

“Niliwaambia tangu mwanzo. Ule mutoto alishika kitu cha shimo. Sasa munaniuliza mimi nini?”

Wote wakanitazama. Hakuna aliyeuliza tena habari za miti. Ninakumbuka mikeka ilivyokuwa, nani amekaa wapi, nani aliinama. Shangazi Salome, dada ya baba, ambaye alikuwa ameniosha mwenyewe siku niliyozaliwa, alishika mdomo wake. Baba alitazama chini. Mama alikuwa ameshika beseni la sahani walizolia watu. Nikasimama nimsaidie kama kawaida yangu, nikanyoosha mikono.

“Ulishika?” akaniuliza.

“Ndiyo, mama. Yaya ndiye alinipa.”

“Usiguse kitu,” akasema, akalivuta beseni kifuani kwake.

Shangazi Salome akaniongoza kwa bega mpaka nyuma ya nyumba, akanikalisha peke yangu. Siku zote za matanga sikuosha sahani, sikuchota maji, sikupika. Nililetewa chakula kwenye jani. Ninyi mnaojua kazi zinavyokuwa kwenye msiba, mtoto wa kike mwenye afya akikaa bila kupewa hata kikombe cha kuosha, hakuna haja ya kuwaeleza maana yake.

Nilikuwa na tumaini moja la kijinga. Nilikuwa nimeona Muchimbaji akifa mara nyingi kuliko siku za mwaka, na kila mara, kwa kuwa mashine haikuwa na kikadi, alirudi mwanzo, mlangoni kwao. Kalume naye basi angeanzia mlangoni kwetu. Nilichukua kandambili zake nikaziweka kizingitini, vidole vikitazama nje, azikute. Kila asubuhi nilizifuta umande. Niliamini ile kasoro ya mashine ndiyo itakayomrudisha. Shangazi Salome alipoziona alizichukua kwa kijiti akazitupa chooni, kwa sababu mimi nilikuwa nimezigusa.

Safari aliondoka na televisheni yake, jenereta yake na mashine yake. Maneti aliiacha kwenye benchi, hakutaka kuibeba. Kesho yake haikuwapo, nikadhani baba ameitupa. Baada ya hapo maisha yaliendelea kama maisha yanavyoendelea. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Alinisomesha. Niliolewa, nikazaa, nikawa mfanyabiashara wa mawese mkubwa kuliko yeye, na nilipojenga nyumba yangu upande wa pili wa soko nilimpelekea chakula kila Jumapili. Alikula. Alinishukuru. Mara moja, nikiwa mtu mzima, nilijaribu kumuuliza kama bado anaamini. Akaniambia, “Wacha hayo, mwanangu, ni ya zamani.” Nikashika neno hilo. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kusema nimesamehewa, ingawa sikuwa na la kusamehewa.

Sasa turudi kwenye sanduku. Danieli, mtoto wa Zawadi, kijana anayeishi na simu mkononi, aliiona maneti nikiwa nimeishika akafurahi kama ameona jamaa. Akaniuliza mashine yake iko wapi, mchezo gani ulikuwapo. Nikamweleza, mlango wa buluu, kitambaa chekundu, vinyago. Akatabasamu, akagusagusa simu yake, na sebuleni kwa mama, watu wa matanga wakiwa nje kwenye mikeka, nikasikia lile tone la maji. Ulikuwa ndio wenyewe. Kuna programu, aliniambia, inayochezesha michezo ya mashine za zamani, na huu unapendwa na wengi. Alianza kunisifia mambo yale yale, uzito wa kuruka, mawe yanayoonya. Na kulalamikia yale yale, lile jicho linalogeuka, mapigano yanayochosha. Niliketi sakafuni nikimsikiliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kusikia mtu akisema mchezo ule una kasoro.

Nikamwambia anipeleke Pango Kubwa. Alifika upesi, maana kwake unatunza ulipofikia. Akaruka mawe yote, na alipofika la mwisho akasimama.

“Nini?” nikamuuliza. “Ruka.”

“Hapana, tantine, hapa kila mutu anaangukaka. Ile jiwe ni picha tu, walisahau kuitia ugumu walipoitengeneza. Hata wazungu wanalalamika.”

Akamgeuza Muchimbaji, akamshusha taratibu kwenye ukingo wa nyuma, akamtembeza kwa kando ya ukuta, njia ambayo haionekani, akatokea ng'ambo. Akanipa simu nimalizie. Nikaufungua ule mlango unaong'aa kwa kidole changu mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na chumba kitupu, kasha moja katikati, muziki mfupi, halafu majina ya watu waliotengeneza yakapanda. Danieli akasema mwisho wake ndio udhaifu mkubwa, ni kama walichoka. Nikamrudishia simu. Walisahau kutia ugumu kwenye jiwe moja, na mimi nimeishi na mikono hii.

Nikainuka nikaenda kwa Zawadi. Nilitaka kumwambia, maana mama hayupo wa kuambiwa. Zawadi alikuwa anaikusanya chumvi kutoka kwenye mkeka, hakutaka ipotee. Akaniambia, bila kuwaza kitu, kwamba kitambaa kile kizuri kinafanana na shuka zangu. Nikakishika, nikayatazama yale maua ya buluu. Kilikuwa kipande cha shuka niliyomletea mama Krismasi iliyopita. Nikaitazama na chumvi. Mvua za Kasongo mnazijua, chumvi ikikaa msimu mmoja inageuka maji. Hii ilikuwa nyeupe, kavu, inamwagika. Bibi yetu mzaa mama ndiye aliyekuwa na mtindo huo, kitu kinachoogopwa hakitupwi, kinafungwa kwa chumvi na chumvi inabadilishwa isichoke. Mama alikuwa ameibadilisha mwaka huu huu. Ameibadilisha miaka yote, huku akila Jumapili kwa Jumapili kutoka mikononi mwangu na kunishukuru.

Sikumwambia Zawadi. Nilimnyang'anya ile chumvi, yote, nikatoka nayo kwenda jikoni. Mimi ndiye binti mkubwa, na kupika chakula cha kufunga matanga kulikuwa juu yangu. Sombe ilikuwa inachemka kwenye sufuria kubwa la msiba, mawese yameshaelea juu. Nikafungua kiganja nikaitia, nikakoroga, nikaonja, nikaongeza mpaka ikakolea. Kisha nikapakua mwenyewe, sahani kwa sahani, nikazipeleka kwenye mikeka kwa mikono miwili.

Shangazi Salome sasa ni mzee, macho yake hayaoni vizuri. Alikula, akalamba vidole, akauliza nani amepika sombe hii, ina chumvi ya kutosha, si kama za watoto wa siku hizi.

“Mimi,” nikamwambia.

Mkono wake ukasimama kidogo juu ya sahani. Halafu akaisukuma mbele yangu nimwongeze.